Kusoma Ardhi Kama Hati: Mafunzo kutoka Bigo bya Mugenyi na Ntusi

Utangulizi

Kila mwaka tunapofundisha visakale na visasili katika kozi ya fasihi simulizi, swali moja hujitokeza darasani: je, Wachwezi walikuwako kweli? Wanafunzi wanaotoka Bunyoro, Tooro na Ankole aghalabu hutaka jibu liwe ndiyo. Wengine hucheka na kusema kwamba hizo ni hadithi za mababu tu. Mjadala huwa mrefu, na mara nyingi huisha kwa kila upande kushikilia msimamo wake, kwa sababu pande zote mbili zinategemea ushahidi wa aina moja tu, yaani maneno.

Katika makala haya hatukusudii kutoa hukumu juu ya Wachwezi. Tunakusudia kueleza jinsi wanaakiolojia wanavyochunguza uhusiano wa watu wa kale na ardhi waliyoishi juu yake, tukitumia mifano ya maeneo manne ya Uganda: Bigo, Ntusi, Munsa na Kibiro. Tunaandika mambo haya katika jarida la walimu wa lugha kwa sababu mbili. Kwanza, majina ya mahali na msamiati wa kazi ni sehemu ya ushahidi huo, na hiyo ni mali yetu sisi walimu wa lugha. Pili, jinsi historia ya maeneo haya ilivyosimuliwa katika karne iliyopita imewaletea watu wa kanda yetu madhara makubwa, na darasa la lugha ni mojawapo ya mahali ambapo masimulizi hayo ama hurudiwa au husahihishwa.

Tatizo la istilahi

Tuanze na neno. Tunapozungumzia sura ya nchi katika Kiswahili, neno linalotujia haraka ni 'mandhari'. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kutazama. Mandhari basi ni kile kinachoonekana mtu anaposimama na kuangalia mbele: milima, mto, miti, mawingu. Ni neno zuri kwa mshairi na kwa mtalii.

Kwa mwanaakiolojia, hata hivyo, ardhi si kitu cha kutazamwa tu. Ni kitu kilichotendwa. Kilima kisicho na miti kinaweza kuwa kimefyekwa na watu miaka elfu iliyopita ili wapate makaa ya kuyeyushia chuma. Bonde lenye nyasi fupi linaweza kuwa limetengenezwa na kwato za ng'ombe kwa vizazi ishirini. Hata nyika ambayo leo haina mtu inaweza kuwa ilikuwa na kijiji kikubwa. Kwa hiyo, tunapotumia neno 'mandhari' katika makala haya, msomaji alielewe kwa maana pana zaidi: ardhi pamoja na alama zote ambazo watu wameziacha juu yake, kwa kujua au kwa kutojua.

Mtazamo huu haukuzuka ghafla. Wanaakiolojia wa zamani walipenda kuchimba mahali pamoja, wakatafuta vitu vya thamani au makaburi ya wakubwa, kisha wakaenda zao. Baadaye walitambua kwamba mtu hakuishi ndani ya shimo walilochimba. Alichota maji mahali fulani, alilima kwingine, alichunga mbali zaidi, akazika wafu wake pengine. Ili kumwelewa ni lazima kuchunguza eneo zima. Hapo ndipo uchunguzi ulipoanza kuhusisha picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, ramani, upimaji wa udongo, na matembezi marefu ya miguu ambapo watafiti hupanga mstari na kutembea polepole wakiokota na kuandika kila kigae wanachokiona.

Mahandaki ya Bigo

Bigo bya Mugenyi iko katika wilaya ya Sembabule, kwenye ukingo wa kusini wa mto Katonga. Mahali hapo kuna mahandaki ambayo urefu wake kwa jumla unazidi kilomita 10. Yalichimbwa katika udongo na, sehemu nyingine, katika mwamba, na kuna mahali ambapo kina chake hufikia mita 4 hivi. Handaki la nje linazunguka eneo kubwa linalopakana na mto. Ndani yake, juu ya kilima, kuna mahandaki mengine yanayozunguka uwanja wa kati. Watu walioyachimba hawakuwa na mashine yoyote. Walikuwa na majembe ya chuma, vikapu na mikono.

Jina lenyewe linastahili kuangaliwa. 'Bigo' ni wingi wa 'kigo', yaani ngome au mahali palipozungushiwa uzio. Mwalimu yeyote wa Kiswahili atakumbuka mara moja neno letu 'ugo', na yule ajuaye Kiganda atakumbuka 'lugo', zizi la ng'ombe. 'Mugenyi' nalo ni ndugu wa 'mgeni'. Kwa masimulizi ya Wanyoro, Mugenyi alikuwa mmoja wa Wachwezi, na alimpenda mno ng'ombe wake aliyeitwa Bihogo hata akaapa kwamba siku ng'ombe huyo akifa, naye angejiua. Bihogo alipokufa, ndugu zake walimzuia asitimize kiapo chake, lakini dhihaka aliyotupiwa na shangazi yake ikawa miongoni mwa mambo yaliyowafanya Wachwezi waone kwamba heshima yao imekwisha, wakaondoka nchini.

Uandishi wa kitaalamu kuhusu mahandaki haya ulianza mapema. Mwaka 1934, E. J. Wayland, mwanajiolojia wa serikali ya kikoloni, alichapisha maelezo yake katika Uganda Journal. Peter Shinnie alichimba mwaka 1957, naye Merrick Posnansky, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, akachimba mwaka 1960. Vipimo vya kaboni vilionyesha kwamba watu walikuwa Bigo kati ya karne ya 14 na ya 16 hivi.

Kwa faida ya wanafunzi, tueleze vipimo hivyo kwa ufupi. Kila kiumbe hai hupokea kaboni kutoka hewani au katika chakula, na sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo, iitwayo kaboni 14, hupungua yenyewe kwa mwendo unaojulikana. Mti ukikatwa au mnyama akifa, upokeaji hukoma na upungufu huanza kuhesabika. Baada ya miaka 5,730 hivi hubaki nusu. Kwa hiyo kipande cha mkaa kilichookotwa chini ya handaki kinaweza kutuambia mti wake ulikufa lini, ingawa si kwa mwaka kamili bali kwa makadirio ya miongo kadhaa.

Posnansky aliona kwamba uwanja wa kati wa Bigo ulifanana na maboma ya wafalme wa Ankole wa karne za baadaye, akapendekeza kwamba hapo palikuwa makao makuu ya utawala. Watafiti waliomfuata walitilia shaka mambo kadhaa. Handaki lenye urefu kama huo lingehitaji askari wengi mno kulilinda. Aidha, vigae na mifupa iliyopatikana ndani yake si mingi kama inavyotarajiwa katika mji mkuu wenye watu wengi. Wengine wameona kwamba kazi kubwa ya mahandaki ilikuwa kuwakusanya na kuwalinda ng'ombe karibu na maji ya Katonga, na wakati huo huo kuonyesha uwezo wa mtu aliyeweza kuamrisha kazi hiyo ifanyike. Dhana hizi mbili hazipingani sana. Katika nchi ambayo ng'ombe ndiye mali, zizi kubwa kuliko yote ni tangazo la mamlaka.

Ntusi: kijiji kilichotangulia

Mwanafunzi akiishia Bigo atadhani kwamba historia ya eneo hili ilianza na wachimbaji wa mahandaki. Sivyo. Katika wilaya hiyo hiyo kuna Ntusi, ambayo haina handaki la kuvutia macho, lakini kwa mwanaakiolojia ina mengi zaidi ya kusema.

Ntusi ilikuwa makazi makubwa yaliyoenea kwenye eneo la hekta 100 hivi, na watu walikaa hapo kuanzia karibu karne ya 11 hadi ya 15. Alama zake kubwa ni mbili. Ya kwanza ni vichuguu viwili vikubwa ambavyo kwa kweli ni majalala: takataka za nyumbani, majivu, samadi, vigae na mifupa iliyotupwa mahali pale pale kwa vizazi vingi hata ikawa vilima. Ya pili ni Bwogero, shimo pana lililochimbwa na watu na ambalo linaaminika kuwa lilikuwa lambo la kunyweshea mifugo.

Andrew Reid, aliyefanya utafiti wake hapo mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, alichunguza majalala hayo tabaka kwa tabaka. Mifupa iliyo mingi kabisa ni ya ng'ombe, na mingi kati yake ni ya ng'ombe wachanga. Jambo hili ni la maana. Mtu mwenye ng'ombe watatu hawezi kuchinja ndama hovyo. Mwenye makundi makubwa, anayetaka maziwa zaidi kuliko nyama, anaweza kupunguza madume wachanga bila kuhatarisha kundi. Mifupa hiyo basi ni kama daftari la mfugaji.

Lakini hayo si yote. Katika majalala yale yale zilipatikana pia zana za mkulima: mawe ya kusagia nafaka na visu vya chuma vilivyopinda vya kuvunia. Kwa maneno mengine, watu wa Ntusi walikula ugali wa nafaka zao na kunywa maziwa ya ng'ombe wao mahali pamoja. Walifinyanga vyungu vilivyopambwa kwa kubingirisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi, pambo ambalo limeendelea kutumika katika nchi za Maziwa Makuu hadi nyakati zetu. Shanga chache za kioo na kauri zinaonyesha pia kwamba vitu vya pwani ya Bahari ya Hindi viliweza kufika huku bara, ingawa kwa kiasi kidogo na pengine kwa kupita mikono mingi.

Kwa nini jambo hili ni zito

Msomaji anaweza kuuliza: mkulima na mfugaji kuishi pamoja kuna ajabu gani? Ajabu iko katika historia ya uandishi wa historia yetu.

Mwaka 1863, John Hanning Speke alichapisha kitabu cha safari yake ambamo alidai kwamba watawala wafugaji wa nchi za Maziwa Makuu walikuwa wageni waliotoka upande wa Uhabeshi, wenye damu bora kuliko wakulima waliowakuta. Dai hilo halikuwa na uchunguzi wowote nyuma yake. Hata hivyo, lilipokelewa na wasomi wa Ulaya, likakuzwa kuwa nadharia ya Wahamiti, na kitabu cha C. G. Seligman cha mwaka 1930 kuhusu mbari za Afrika kikalieneza kama sayansi. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, kila kitu cha maendeleo katika Afrika, uwe ufalme, chuma au mahandaki kama ya Bigo, kililetwa na wafugaji kutoka nje. Wachwezi wakafanywa kuwa Wahamiti. Wengine waliwapa hata ngozi nyeupe.

Wasomi wenyewe walibishana. Roland Oliver aliandika mwaka 1953 katika Uganda Journal akilipa uzito swali la kuwako kwa Wachwezi, na mwaka 1958 Christopher Wrigley akajibu katika jarida hilo hilo kwamba Wachwezi walikuwa miungu, si wafalme. Lakini nje ya majarida, nadharia ya Kihamiti ilikuwa imekwisha kuingia katika vitabu vya shule, katika sera za utawala na katika vitambulisho. Huko Rwanda na Burundi utawala wa kikoloni uliitumia kuwagawa watu waliozungumza lugha moja na kuishi kilima kimoja. Wenyeji wa kanda yetu wanajua ulikofikia mgawanyo huo. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, waenezaji wa chuki walirudia hadithi ile ile ya Speke: kwamba hawa si wenyeji, warudishwe Uhabeshi walikotoka.

Sasa turudi kwenye jalala la Ntusi. Humo hakuna tabaka la mkulima chini na tabaka la mfugaji mvamizi juu yake. Kuna jiwe la kusagia kando ya mfupa wa ndama. Ushahidi wa ardhi unaonyesha jamii iliyokua hapo hapo kwa karne nne, ikizidisha mifugo bila kuacha jembe. Tofauti za matabaka kati ya wenye ng'ombe na wasio na ng'ombe zinaweza kuwa zilikua polepole ndani ya jamii hiyo. Hazihitaji msafara wa wageni ili zielezeke. Takataka za jikoni zimefanya kazi ambayo hotuba nyingi hazikuweza kuifanya.

Kinamasi kama maktaba

Mbali na kuchimba makazi, watafiti hutoboa vinamasi na maziwa. Kila mwaka mvua hupeleka udongo, majani na vumbi chini ya maji, na tabaka jipya hulala juu ya la zamani. Ndani ya matabaka hayo mna chavua. Chembe za chavua ni ndogo mno, lakini ganda lake ni gumu na kila aina ya mmea huwa na chavua yenye umbo lake. Mtafiti akitoa mashapo kwa bomba refu na kuyachunguza kwa hadubini, anaweza kusema: hapa chini chavua ya miti ya msituni ni nyingi, hapa juu imepungua na ya nyasi imeongezeka, na kati yake kuna vumbi la mkaa.

Katika vinamasi vya milima ya Kigezi, mashapo yanaonyesha kwamba misitu ilianza kufyekwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Huko Munsa, ambako leo ni wilaya ya Kakumiro, kuna mahandaki mengine ambayo masimulizi huyahusisha na Kateboha. Peter Robertshaw alichimba hapo katika miaka ya 1990, akapata pamoja na mengine makaburi na tanuri la kuyeyushia chuma. Mashapo ya kinamasi kilicho karibu yanaonyesha msitu ukipungua karibu miaka 1,000 iliyopita, yaani kabla ya mahandaki kuchimbwa. Wakulima walitangulia, mahandaki yakafuata.

Mwaka 2000, Robertshaw na David Taylor walitoa hoja kwamba mabadiliko ya mvua yalichangia kukua kwa mamlaka za kisiasa katika eneo hili. Miongoni mwa ushahidi unaotumiwa katika mijadala ya aina hii ni vipimo vya kina cha mto Nile vilivyoandikwa katika kisiwa cha Roda, Kairo, kuanzia mwaka 622. Maji ya Katonga na ya Ziwa Viktoria hatimaye ni maji ya Nile, na karani wa Misri aliyeandika kupungua kwa mto bila kujua aliandika pia habari za ukame wa kwetu. Hata hivyo, tunapaswa kuwa waangalifu. Ukame haujengi ufalme. Watu ndio huamua wafanye nini wakati wa ukame: wengine huhama, wengine hugawana malisho, wengine humtegemea mwenye ng'ombe wengi na kuwa watu wake.

Munsa imezua mjadala mwingine unaotugusa mezani. Mwaka 2006, Julius Lejju, Robertshaw na Taylor walitangaza kwamba katika mashapo ya Munsa wamepata fitolithi za migomba zenye umri wa zaidi ya miaka 5,000. Fitolithi ni vijiwe vidogo sana vya silika vinavyojijenga ndani ya majani na kubaki udongoni baada ya jani kuoza. Mgomba asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki na Guinea Mpya. Kama tarehe hiyo ni sahihi, basi zao hili lilifika Afrika mapema mno kuliko ilivyodhaniwa. Wataalamu wengine hawakukubali. Walisema kwamba fitolithi za mgomba ni rahisi kuchanganywa na za mgomba-mwitu wa Kiafrika, na kwamba mashapo ya kinamasi huweza kuvurugika. Tunautaja mjadala huu ili wanafunzi waone kwamba sayansi nayo ina mabishano yake, na kwamba hoja hupimwa kwa ushahidi, haipimwi kwa ukubwa wa fahari inayotupatia.

Kibiro: ardhi inayoendelea kutendwa

Mifano tuliyoitoa inaweza kumfanya msomaji adhani kwamba mambo haya yote ni ya kale. Kibiro, kijiji kilicho chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kwenye ufuo wa Ziwa Albert wilayani Hoima, kinatukumbusha vinginevyo. Graham Connah alichimba hapo mwaka 1989 na 1990, na kitabu chake cha mwaka 1996 kinaonyesha kwamba chumvi imetengenezwa Kibiro tangu mapema katika milenia ya pili baada ya Kristo.

Wenye kazi hiyo ni wanawake. Hutandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye unyevu wa chumvi karibu na chemchemi za maji moto. Jua linapowaka, chumvi hupanda kutoka chini na kuingia katika udongo huo. Udongo hukwanguliwa, hupitishwa maji katika chombo chenye matundu, na maji yale ya chumvi huchemshwa mpaka yakauke. Kisha udongo hurudishwa bustanini na kutumika tena. Kila bustani ya chumvi ina mwenyewe, na hurithiwa. Kwa kuwa ardhi ya Kibiro haifai kwa kilimo, chumvi ndiyo iliyonunua chakula. Hapa mandhari ni kiwanda, na wenye ujuzi wa kiwanda hicho wangali hai na wanaweza kuulizwa. Tangu mafuta yalipogunduliwa katika bonde la Ziwa Albert mwaka 2006, mazungumzo mengi kuhusu eneo hilo yamekuwa ya mabomba na barabara. Ni vyema habari za chumvi nazo zisikike.

Nafasi ya lugha

Tumefika sasa kwenye wajibu wetu. Peter Schmidt alipofanya utafiti Buhaya, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, mwaka 1970 wazee wa Katuruka walimwonyesha mti mtakatifu ulioitwa Kaiija, jina lenye maana ya mahali pa kufulia chuma. Masimulizi yalimhusisha mfalme Rugomora Mahe na mnara wa chuma uliojengwa hapo. Schmidt alichimba kando ya mti huo na akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya zamani sana, ya karne kadhaa kabla ya Kristo. Jina la mahali lilikuwa limetunza habari ambayo hakuna kitabu kilichoiandika. Kama watu wa Katuruka wangeubadilisha mti huo jina na kuuita kwa jina la duka au la mwanasiasa, asingepata sababu ya kuchimba hapo.

David Schoenbrun naye, katika kitabu chake cha mwaka 1998, alilinganisha msamiati wa lugha za Maziwa Makuu ili kufuatilia historia ya kilimo, ufugaji na mamlaka kabla ya karne ya 15. Njia yake ni ile tunayoifundisha katika isimu historia na linganishi: neno likipatikana katika lugha nyingi za ukoo mmoja kwa umbo linalofuata kanuni za sauti, ni la zamani; likipatikana katika lugha chache zilizopakana, limezuka au limekopwa baadaye. Msamiati wa rangi na pembe za ng'ombe, kwa mfano, unaweza kutuonyesha ni lini watu walianza kuhitaji kumtofautisha ng'ombe mmoja na mwingine kwa makini kiasi hicho.

Kwa hiyo ukoo wa maneno 'ugo', 'lugo' na 'kigo' ni zaidi ya zoezi la darasani. Ni swali la kihistoria: je, boma la watu lilitangulia au zizi la ng'ombe? Mwanafunzi wa Kiswahili anayejua Kinyoro, Kinyankole, Kihaya au Kinyarwanda ana vifaa vya kulishughulikia ambavyo mtafiti kutoka mbali angelazimika kuvitafuta kwa miaka mingi.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, katika kozi za fasihi simulizi, kila mwanafunzi anayekusanya kisakale aandike pia mahali kinapotajwa: kilima gani, kisima gani, mti gani, na jina lake katika lugha ya wenyeji. Pili, walimu wa istilahi washirikiane na wenzao wa Historia kusanifu msamiati wa akiolojia. Maneno kama 'jalala', 'lambo', 'kigae', 'mavi ya chuma', 'chavua' na 'mashapo' yamo tayari katika Kiswahili na yanatosha kuanzia kazi. Tatu, tuwahimize wanafunzi wanaoishi karibu na maeneo haya wayaeleze kwa jamii zao. Mwaka 1997 Uganda iliyaingiza Bigo, Ntusi na Kibiro katika orodha yake ya awali ya Urithi wa Dunia huko UNESCO, lakini orodha haizuii jembe wala kwato. Handaki linalofukiwa kwa kilimo cha misimu kumi halichimbuliki tena likawa ushahidi.

Hitimisho

Je, Wachwezi walikuwako? Ardhi haikutupatia jina la mtu yeyote, na wala haiwezi. Imetuonyesha watu waliofuga na kulima pamoja Ntusi kuanzia karibu karne ya 11, waliochimba mahandaki Bigo na Munsa baada ya hapo, na waliopika chumvi Kibiro hadi leo. Masimulizi kwa upande wake hayakutupatia tarehe, lakini yametuambia ni nini kilichowauma watu hao: kifo cha ng'ombe mmoja kilitosha kuvunja heshima ya nyumba nzima. Mfupa wa ndama katika jalala na kisa cha Bihogo vinazungumzia thamani ile ile, kimoja kwa uzito wake na kingine kwa machozi.

Mwanafunzi atakayeuliza tena swali hilo darasani tumwelekeze kwanza aulize jingine: katika kijiji chenu, kilima kile kinaitwaje, na ni nani bado anajua sababu? Akirudi na jibu, awe ameliandika.